Wanaohama vyuo wasipotezewe miaka yao

Kila mwaka wanafunzi wengi huripoti vyuoni wakiwa tayari wana nia ya kuondoka. Wapo walioteuliwa kusomea kozi ambazo hawakuzipa kipaumbele. Wapo waliofiwa na wazazi na sasa wanalazimika kusomea karibu na nyumbani ili wawatunze wadogo wao. Wapo pia ambao karo imewashinda, na chuo kingine kinatoza nafuu.

Baadhi yetu sisi wahadhiri huwatazama vijana hawa kwa jicho la shaka. Husemwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Naona methali hiyo haistahili kutumiwa hapa. Mkulima aliyepewa jembe lisilo mpini hana kosa akitafuta jingine.

Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, ni jinsi maombi ya uhamisho yanavyoandaliwa na yanavyopokelewa. Mwanafunzi aliyeteuliwa na shirika la KUCCPS, lililoichukua nafasi ya bodi ya pamoja ya uteuzi (JAB) kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, hupitishia ombi lake huko. Sharti awe amefikisha alama za KCSE zilizohitajika katika kozi anayoitaka, na chuo anachokiendea kiwe na nafasi na kikubali kumpokea. Hayo ni ya mwanafunzi mgeni, na utaratibu wake unaeleweka. Mashaka humpata yule aliyekwisha kusoma mwaka mmoja au miwili, na anayeomba masomo aliyofaulu yatambuliwe.

Huyu hudhani kwamba nakala ya matokeo inatosha. La hasha! Katika taaluma ya isimu tunafundisha kwamba neno na kile kinachorejelewa na neno hilo ni vitu viwili tofauti. Kozi iitwayo Utangulizi wa Isimu katika chuo kimoja huenda ikawa ndiyo Misingi ya Lugha katika chuo kingine. Kinyume chake, vyuo viwili vinaweza kuwa na kozi iitwayo Fasihi Simulizi, kimoja kikiwapeleka wanafunzi nyanjani kukusanya ngano, na kingine kikiishia katika nadharia. Kamati iliyo na jina la kozi na alama peke yake itaamua vipi? Aghalabu huamua kwa njia iliyo rahisi: mwanafunzi arudie.

Kurudia huko si jambo dogo. Ni mwaka mwingine wa karo, wa kodi ya chumba, na wa mkopo ambao utalipwa kwa riba. Kwa mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome, ni kumwambia auze wa pili kwa somo lile lile.

Kwa hivyo, mwanafunzi ajiandae mapema. Pamoja na nakala rasmi ya matokeo na vyeti vyake, aambatishe muhtasari wa kila kozi aliyoifaulu, uonyeshao mada, idadi ya saa za mihadhara, vitabu vilivyosomwa na namna ya kutahini. Mihtasari hiyo aitunze tangu wiki ya kwanza ya muhula, wala asingoje siku ya kuhama. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kisha kuna barua yenyewe. Nimezisoma nyingi katika kamati za idara, na nyingi hufanana kana kwamba zimeandikwa na mkono mmoja. Huanza kwa kukisifu chuo kitukufu chenye wahadhiri mahiri, zikamaliza kwa kuomba huruma. Sifa hizo hazimsaidii msomaji kuamua lolote. Barua inayosaidia husema wazi: nimemaliza mwaka wa pili, mama yangu ni mgonjwa na mimi ndimi kifungua mimba, nimefaulu kozi kumi na nne, naomba kumi kati yazo zitambuliwe, na mihtasari yake ni hii hapa. Hakuna aibu katika ukweli ulioandikwa kwa lugha nyofu.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kumtwika mwanafunzi mzigo wote. Ni vyuo vinavyokaa na nakala za matokeo kwa miezi mingi, na ni idara ambazo hazina mihtasari iliyochapwa ya kozi zinazozifundisha. Mwanafunzi atatoa wapi karatasi ambayo mhadhiri wake hakuiandika? Sheria ya mwaka 2014 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Sifa za Masomo (KNQA) iliazimia kuwa masomo yaliyofaulishwa mahali pamoja yaweze kuhamishiwa pengine. Azimio hilo halitakuwa na maana ikiwa kila idara itajifungia kama boma lenye lango moja.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila chuo kitoe mihtasari ya kozi pamoja na nakala ya matokeo, bila kungoja kuombwa. Pili, kamati inayokataa kuitambua kozi fulani ieleze kwa maandishi ni mada gani iliyopungua, ili mwanafunzi asome hiyo iliyopungua badala ya kurudia kozi nzima.

Hatuwadai wanafunzi hawa hisani. Walihudhuria mihadhara, wakafanya mitihani, wakafaulu. Elimu waliyoipata ni yao, na wana haki ya kuhama nayo.