Wana Ngokolo, Andikeni Mliyoyaona

Ndugu zangu wa Ngokolo, Shinyanga, pamoja nanyi mliotawanyika Kahama, Geita, Dubai na Guangzhou kutafuta riziki, nina ombi, nami nalianza kwa kisa cha zamani.

Mwaka 1896 Salim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, hadi Urusi na Siberia. Alikwenda kama mtumishi, wala hakuna aliyemtuma kuchunguza mambo ya watu. Hata hivyo alitazama. Aliona miji mikubwa, akafika pia kwa wafugaji wanaohamahama na mahema yao, na yote akayaeleza kwa Kiswahili. Mwaka 1901 Mjerumani mwingine, Carl Velten, akayachapisha Ujerumani katika mkusanyo wa safari za Waswahili. Ndiyo maana mpaka leo tunaweza kuitazama Siberia ya wakati ule kwa macho ya mtu wa kwetu.

Je, Msukuma ameionaje Guangzhou? Amekwenda, amerudi na mzigo, na simulizi anazo tele. Anazimwaga kijiweni, anazituma kwa sauti za WhatsApp, kisha simu inaibwa na habari zinakwenda nayo.

Basi andikeni. Tena msiishie kwenye maghorofa ya ng'ambo na vibanda vilivyo chini yake. Jifanyeni wageni hapa hapa nyumbani. Kijana anayeshinda kwenye mitambo ya mgodi jioni anakula michembe ya viazi kwa bibi yake. Ng'ombe wa mahari wanajadiliwa usiku kucha, na sehemu ya malipo inaingia kwa simu. Mgeni angeandika kurasa kumi. Sisi tunapita tu.

Kwangu mimi, la kwanza kuandikwa liwe ngitili, yaani malisho yanayohifadhiwa kwa kufungwa kwa msimu. Wakoloni walifyeka misitu ya Usukuma ili kuwaangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikazidi, na Shinyanga ikabaki kipara. HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilipoanza mwaka 1986, wataalamu walifanya jambo ambalo wataalamu hulifanya kwa nadra: waliwasikiliza wazee. Desturi ya wazee ni hii: malisho yanafungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi, nyasi za kwingine zikishakwisha. Anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati anajibu mbele ya dagashida, baraza letu la jadi. Kwa utaratibu huo ngitili zilirudi kwa mamia ya maelfu ya hekta, na mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Vitabu vya wataalamu vimehesabu hekta. Havijaeleza babu yako alifunga ngitili yake kwa alama gani, nani alikuwa na neno la mwisho, au ndugu waligombana vipi siku kipande kilipouzwa viwanja. Hayo anayo mzee aliyeketi uani kwako.

Wanafunzi mkirudi likizo, nendeni na daftari. Wazazi, msiwaambie wanapoteza muda. Walimu wa Kiswahili, toeni insha ya simulizi hizi badala ya ile ya kila mwaka kuhusu ajali ya barabarani. Kisukuma kikipenya katikati ya sentensi, kiacheni kikae. Andikeni tarehe na jina la kijiji juu ya ukurasa, nakala moja ibaki nyumbani, nyingine ipelekeni shule ya karibu.