Arudipo Mfungwa Kijijini: Tumsimamie au Tumfukuze?



Sisi wa Sitalike twaishi ukingoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Miongoni mwa ndugu zetu wamo waliofungwa kwa kukutwa na nyara za Serikali, kosa liwezalo kumpeleka mtu gerezani miaka 20 au zaidi. Wengine wamefungwa kwa wizi wa mifugo au kwa kujeruhi. Siku moja watarudi. Je, nani atawapokea, na kwa masharti gani?

Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994, pamoja na marekebisho yake, yatoa njia moja. Mfungwa wa miaka 4 au zaidi, aliyekwisha kutumikia theluthi ya kifungo na kuonyesha mwenendo mwema, aweza kumalizia kifungo nje ya gereza chini ya usimamizi. Akivunja masharti, hurudishwa ndani. Waliofungwa maisha na wanyang'anyi wa kutumia silaha hawamo.

Wako wasemao kuwa huko ni kuwadekeza wahalifu. Twaiheshimu hofu yao, hasa ya wale walioibiwa na kuumizwa. Lakini kifungo kina mwisho. Lipi ni salama zaidi: mtu arudi leo akiwa na msimamizi, au arudi kesho bila msimamizi yeyote? Tarehe 9 Desemba 2019 Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533. Msamaha ni tendo la huruma, ila peke yake haumpatii mtu wa kumwongoza afikapo nyumbani.

Wengine husema usimamizi ni adhabu ya pili. Nao wana hoja, iwapo usimamizi ni kuripoti tu. Mtu asiye na shamba wala nauli, akidaiwa kusafiri hadi Mpanda mara kwa mara, atashindwa. Na kushindwa kwake kutaitwa ukaidi.

Kwa hiyo twaona kuwa usimamizi ni wa haki pale tu unapoambatana na malezi, na malezi hayo ni wajibu wetu, si wa Serikali peke yake. Kila jumuiya ndogo ndogo na imteue mtu mzima mwenye busara wa kumtembelea anayerudi. Wazee wa ukoo wampatie mahali pa kulima. Aliyedhulumiwa asikilizwe kwanza, wala asilazimishwe kupatana kabla moyo wake haujawa tayari. Na mwenzetu akivunja masharti, tusimfiche. Kumficha si kumpenda.

Ndugu wapendwa, tusidhani kuwa tukimfukuza tutakuwa tumejilinda. Anayekosa mlango wa kubisha hodi kijijini aijua njia ya porini, na safari hii lawama haitakuwa yake peke yake.