MASAA 12 SI FARADHI



Ndugu zangu, kila msimu wa joto ukiingia huku Uingereza naletewa swali lile lile. "Sheikh, tunakwenda kupanda milima mitatu ya Yorkshire kwa siku moja, tuchangishe pesa za madrasa. Inafaa? Na Swala tufanyeje?" Juzi kijana mmoja akaongeza jipya: "Na tukishindwa kumaliza ndani ya masaa 12, ile sadaka itahesabika?" Hilo la mwisho ndilo lililoniketisha kuandika.

Kwa usiyeijua safari hii: milima yenyewe ni Pen-y-ghent, mita 694, Whernside, mita 736, na Ingleborough, mita 723. Wewe uliyekulia Moshi ukiitazama Kilimanjaro ya mita 5,895 utacheka. Cheka, lakini usicheke sana. Kinachomvunja mtu pale ni mwendo. Ni karibu kilomita 39 kwa miguu, na ukijumlisha kupanda kote unapata zaidi ya mita 1,500. Wengi huanzia kijiji cha Horton, wakapita kwenye daraja la reli la Ribblehead lenye matao 24, na mlima wa mwisho unakukuta magoti yameshakwisha. Mvua na ukungu havijui kwamba ni Julai. Watu wamejiwekea ada ya kumaliza ndani ya masaa 12.

Inafaa? Inafaa, tena vizuri. Afya ni amana, na kijana anayetoka alfajiri kwenda mlimani ni bora kwangu kuliko yule anayelala mpaka adhuhuri na simu mkononi.

Swala sasa. Ukitoka Leicester au London kwenda kule wewe ni msafiri, umevuka masafa ya kupunguza. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunajuzu kupunguza na kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Ndugu zetu Wahanafi hawakusanyi, basi msigombane juu ya mlima. Lakini sikiliza hapa, maana wengi wanakosea: ukitaka kuchelewesha Adhuhuri uiswali wakati wa Alasiri, lazima utie nia hiyo ndani ya wakati wa Adhuhuri. Kusahau si kukusanya. Na usiniambie habari ya tayamamu kwa sababu maji ni baridi tu wala huogopi madhara. Vijito vimejaa kule. Vaa viatu vinavyofunika vifundo vya miguu, uvivae ukiwa na udhu kamili, kisha utapaka maji juu yake. Msafiri ana siku tatu.

"Sheikh, muda hautoshi." Hebu tupige hesabu. Mskochi mmoja, William Naismith, mwaka 1892 alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa safari hii inakuja kama masaa kumi na nusu. Kwenye masaa 12 unabakiwa na saa moja na nusu. Rakaa mbili na mbili zinachukua dakika kumi. Muda upo, unaliwa na picha.

Sasa nikwambie yangu, maana nisijifanye mwalimu wa watu.

Tulikwenda kumi na wanne, kuchangia paa la madrasa moja huko Tanga. Mimi ndiye niliyekuwa amiri wa msafara. Tulianza saa kumi na mbili u nusu asubuhi. Miongoni mwetu alikuwepo mzee mmoja, tulimwita Ami, mtu wa miaka hamsini na nane, magoti yake si mazima. Saa tisa alasiri tuko chini ya Ingleborough na Ami anachechemea. Nikatazama saa, si uso wake. Nikamwambia, "Ami, wewe umefanya kubwa. Kaa hapa barabarani, nampigia dereva aje akuchukue." Akasema, "Nendeni wanangu, Mungu awape nguvu."

Nilimtumia dereva ujumbe, nikatia simu mfukoni. Bonde lile halina mtandao. Ujumbe haukwenda, nami sikuangalia tena.

Tulimaliza kwa masaa 11 na dakika 46. Tukapiga picha, takbira juu. Ndipo dereva akauliza, "Ami yuko wapi?"

Tulimkuta ameegemea ukuta wa mawe, ameloa mpaka ndani, simu imezima. Karibu masaa manne. Alikuwa ameshaswali Adhuhuri na Alasiri zake kwa wakati, pale pale kwenye majani. Sisi wenye miguu mizima, wanne katika sisi hawakuwa wametia nia ya kuchelewesha. Ami alipotuona alisema neno moja tu: "Mmewahi?"

Wallahi neno lile lilinikata kuliko matusi.

Jabir (r.a.) amepokea, na imo katika Abu Daud, kwamba Mtume (s.a.w.) safarini alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akimsukuma aliye dhaifu, akimpakia nyuma yake na kuwaombea dua. Mbora wa viumbe alikuwa nyuma. Mimi, amiri wa watu kumi na wanne, nilikuwa mbele nahesabu dakika. Nimeisomesha hadithi ile darsani mara ngapi!

Basi kijana wangu, jibu lako ni hili. Sadaka ni ya yule aliyetoa, na ametoa kwa ajili ya watoto wasinyeshewe. Yule mama aliyetuchangia pauni ishirini hakutuuliza tumetumia dakika ngapi. Wengine wananiambia, "Bila ya muda maalumu watu hawatachanga, hakuna mtihani." Mwaka uliofuata tulimweka Ami mbele, tukatumia masaa 13 na dakika 40, na hakuna hata mmoja aliyedai pesa yake. Na ikibidi kugeuka njiani kwa ukungu au ugonjwa, geuka, tena wote. Nimesikia watu wanaona haya kugeuka. Haya ya nani?

Mwaka huu tunakwenda tena, inshaallah. Anayetaka aniandikie faraghani. Aje na koti la mvua, tochi, maji, ramani ya karatasi, na filimbi. Alama ya kuomba msaada kule ni kupuliza mara sita, kunyamaza dakika moja, kisha kurudia. Mwendo atautoa Ami. Mimi nitakuwa wa mwisho kwenye mstari, na dereva ameshaambiwa asisogee Ribblehead mpaka atuone sote kwa macho yake.

Wabillahi tawfiq.