Sehemu ya pili ilipomwangusha mtoto

Jumamosi moja jioni, katika nyumba moja ya Kewanja, si mbali na mgodi wa dhahabu wa North Mara, mtoto wa kiume wa miaka 11 alimaliza kazi zake kabla hajatumwa. Mbuzi walikuwa wameshafungwa, ndoo zimejaa maji, sare ya shule imefuliwa na kuanikwa. Mama yake hakuuliza kulikoni. Baba alikuwa amerudi kutoka machimboni Geita, na kwenye mfuko wa shati lake kulikuwa na flashi yenye sehemu ya pili ya "Taken".

Ya kwanza waliitazama pamoja mtoto akiwa darasa la tatu, wiki moja kabla baba hajasafiri. Siku ya kuagana, baba alimwahidi kwamba akirudi wataangalia ya pili, wao wawili. Mtoto aliishika ahadi hiyo mwaka mzima na nusu. Wenzake walipokwenda kuiona kwenye kibanda umiza, yeye hakwenda. Walipotaka kumsimulia, aliziba masikio.

Jioni hiyo walikaa kwenye kochi moja. Nusu saa ya kwanza mtoto hakupepesa macho. Baadaye akaanza kuchezea uzi wa kitambaa cha kochi. Steringi alipokuwa akipigana na watu watatu kwa mpigo, mtoto alikuwa anaangalia mlangoni.

"Umeionaje, mura?" baba aliuliza ilipokwisha.

"Nzuri."

"Nzuri tu?"

"Ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi, baba."

Baba akakunja uso. Alikuwa ameitafuta muvi hiyo kwa siku mbili, akamlipa kijana wa kuingiza muvi kwenye flashi, akaibeba safari nzima. "Watoto wa siku hizi hamridhiki," alisema, akazima televisheni. Mtoto akaaga, akaenda kulala.

Mtoto hakukosea

Tuanze na muvi yenyewe, kwa sababu mtoto alikuwa na hoja.

"Taken" ya kwanza ilitoka mwaka 2008. Liam Neeson anacheza kama Bryan Mills, mwanamume aliyelitumikia shirika la ujasusi la Marekani miaka mingi huku binti yake, Kim, akikua bila yeye. Ndoa imevunjika, na binti anaishi na mama yake na baba wa kambo. Bryan ameacha kazi ili awe karibu na mtoto kabla hajachelewa kabisa. Kim anasafiri kwenda Paris akiwa na miaka 17, na anatekwa na watu wanaouza wasichana. Wakati wanaingia ndani, yuko kwenye simu na baba yake.

Simu hiyo ndiyo moyo wa picha nzima. Ngumi na risasi zinazofuata zina maana kwa sababu mtazamaji amesikia sauti ya mtoto anayeogopa na sauti ya baba anayejikaza asionyeshe hofu. Mills anaambiwa ana takriban saa 96, baada ya hapo binti hatapatikana tena. Lengo ni moja, na muda unakwisha.

Sehemu ya pili ilitoka mwaka 2012 chini ya mwongozaji mwingine. Safari hii wako Istanbul, na wanaotekwa ni Bryan mwenyewe na mama yake Kim. Anayewawinda ni Murad, ambaye mwanawe aliuawa na Bryan katika sehemu ya kwanza. Hapo palikuwa na hadithi nzito: baba mmoja amemwokoa mtoto wake, na baba mwingine anamlilia wa kwake. Lakini picha inaligusa jambo hilo na kukimbilia kufukuzana kwa magari. Kim, ambaye bado hajapata hata leseni ya udereva, anaendesha gari kwa kasi kwenye vichochoro. Anatupa mabomu ya mkono juu ya mapaa ya mji ili baba yake asikie mlio na kukadiria alipo. Mapigano yamekatwakatwa vipande vifupi mno, jicho halijui nani kampiga nani.

Watoto wanaona hayo hata kama hawana maneno ya kuyasema. Wanajua kwamba steringi hafi. Kinachowaweka kwenye kiti ni kutaka kujua ataokoa nini na kwa nini.

Kwa nini ya pili hubuma

Ya kwanza ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 25 na ikaingiza zaidi ya milioni 220 duniani. Ya pili, ambayo wachambuzi wengi waliiponda, iliingiza zaidi ya milioni 370. Ya tatu, inayoanza kwa kumuua mama yake Kim, ikaingiza zaidi ya milioni 320. Maana yake ni rahisi: mtu hulipia sehemu ya pili kwa mapenzi ya ile ya kwanza. Anapogundua kwamba chakula hakina chumvi, hela imeshatoka mfukoni.

Wazazi waliokulia Tanzania wanaujua mchezo huu. Enzi za santuri za Bongo Movie, filamu nyingi ziliuzwa sehemu mbili. Ya kwanza iliishia mahali patamu, mnunuzi akarudi dukani kutafuta ya pili, na mara nyingine akakuta hadithi ya saa moja imevutwa mpaka ikachoka. Wengine walikulia kwenye mabanda ya video wakimsikiliza Lufufu akizitafsiri picha za nje kwa Kiswahili. Wanakumbuka kwamba mtafsiri mzuri aliweza kuifanya hata picha iliyopoa ichangamke.

Si kila sehemu ya pili huanguka. "Terminator 2" ya mwaka 1991 inahesabiwa na wengi kuwa bora kuliko ile ya 1984. Yule aliyekuwa muuaji katika ya kwanza anarudi akiwa mlinzi wa mtoto wa kiume ambaye baba yake hayupo. Waliotengeneza walikuwa na jambo jipya la kusema, hawakurudia tu kelele za zamani.

Asubuhi yake

Jumapili asubuhi, mama alimfuata mumewe alikokuwa anakunywa chai. "Baba watoto, yule hakuwa anakudharau. Muulize kwa nini hakuipenda. Muulize tu, usimgombeze."

Baba alimkuta mtoto kwenye banda la mbuzi. Mtoto akaamkia, "Shikamoo, baba." "Marahaba." Kisha baba akauliza, kwa sauti ya kawaida, ya kwanza ilikuwa na nini ambacho ya pili haina.

Mtoto alifikiri. "Ile ya kwanza, mtoto anapiga simu, na baba yake anapokea."

Baba alisubiri.

"Mimi nilikupigia siku ya kuamkia mtihani wa darasa la nne. Kwa simu ya mama. Haikupokelewa."

Baba aliikumbuka siku hiyo. Mchana kutwa alikuwa shimoni, ambako hakuna mtandao. Usiku alipotoka aliiona simu aliyopigiwa, na hakupiga kwa sababu hakuwa na hela ya kutuma nyumbani. Alidhani ni mkewe anataka matumizi, akaona aibu. Akasema atapiga akipata. Alipopata, zilikuwa zimepita wiki tatu, na mtihani umeshafanyika.

"Ulitaka kuniambia nini?"

"Kwamba kesho nina mtihani."

Hiyo tu. Mtoto hakutaka hela. Alitaka baba ajue.

Baba hakujitetea kwa maneno mengi. Alimweleza kuhusu shimo na mtandao, kisha akamweleza na lile la aibu, ambalo lilikuwa gumu zaidi. Akasema, "Nilikosea. Nilipaswa kupiga usiku uleule." Mtoto akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufungua mbuzi. Baadaye akauliza kama kuna sehemu ya tatu.

Mzazi achukue nini hapa

Kwanza, mtoto anaposema picha haikumfurahisha, usimjibu kwa gharama zako. Gharama ni kweli, lakini yeye hakuzungumzia gharama. Muulize maswali mawili: ulitegemea nini, na ni wapi ilianza kukuchosha? Mtoto anayeweza kueleza kwa nini kitu hakimpendezi hatadanganywa kirahisi na jina kubwa dukani wala na rafiki mwenye maneno matamu.

Pili, angalia umri. "Taken" ina mateso, mauaji na biashara ya wasichana. Nchini Marekani, ya kwanza na ya pili ziliwekwa kwenye daraja linaloonya wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13. Hapa kwetu, Bodi ya Filamu Tanzania ina kazi ya kuzipanga filamu kwa umri, lakini flashi iliyojazwa kwenye kibanda cha simu haiji na onyo. Mtoto wa darasa la tatu hakupaswa kuiona ile ya kwanza. Kama ameshaiona, usijifanye haikutokea. Keti naye, mweleze kwamba watu wanaorubuni wasichana wapo kweli, na kwamba akiona mtu anamlaghai dada yake au mwenzake, amwambie mtu mzima anayemwamini.

Tatu, ahadi ya kutazama picha pamoja si ahadi ndogo. Mzazi anayefanya kazi mbali, awe Geita, Dar es Salaam au ng'ambo, huhesabu miezi kwa fedha anazotuma. Mtoto huhesabu kwa vitu viwili au vitatu mlivyokubaliana. Ukirudi, atakaa nawe kwenye kochi akitafuta yule mliyeagana naye. Amekua, nawe umechoka, na hakuna aliye kama alivyoondoka. Inahitaji siku kadhaa za mazungumzo, na muvi moja haitoshi.

Nne, pokea simu. Usipoweza kupokea, piga baadaye, hata kama huna cha kutuma. Dakika moja ya "nimeona ulinipigia, kuna nini mwanangu?" haihitaji mshahara. Ukimya wa mzazi mtoto huujaza kwa mawazo yake mwenyewe, na mara nyingi huyajaza vibaya.

Baba yule alirudi Geita baada ya wiki mbili. Safari hii hakuahidi sehemu ya tatu. Walikubaliana kwamba kila Jumapili saa mbili usiku atapiga, na kama yuko shimoni, atapiga akitoka, hata kama ni usiku wa manane. Jumapili ya kwanza alipiga saa nne na nusu. Mtoto alikuwa bado macho, simu ya mama iko mkononi.