Uji wa Mtoto Usiwe na Pupa

Mtoto ana miezi 3, analia usiku, na mama mkwe keshabandika uji. Sisi tunasema bado. Mpaka atimize miezi 6 titi linamtosha, hata maji hayahitaji. Na si kila kilio ni njaa.

Akifika, muangalie: shingo imekaza, anakaa akiegemezwa, ulimi hausukumi kijiko nje. Mpe uji wa mtama vijiko viwili vitatu, uwe mzito. Mwepesi humjaza maji tu. Si kwenye chupa! Tia tui au dagaa waliosagwa, sukari wacha. Asali isubiri atimize mwaka. Kunyonya kuendelee, Suratul Baqara imetaja miaka 2 kamili.

Mama mkwe ajibiwe kwa adabu. Uji wake utiwe pilipili manga, anywe mzazi.