Kuosha viti vya inje kusiwe azabu



Sisi wasimamizi wa wanafunzi tunataka kusema juu ya viti virefu vya inje, vile vya barza na vya chini ya miti. Wazazi wanaketi pale wakija kututembelea. Sisi mafinalisti tunajifunza pale kila magaribi, tukingojea mtihani wa Serikali.

Sababu gani vinaoza upesi hivi? Watu wanasema mbao ni mubaya. Hapana. Kuviosha ni kazi wanayopewa waliochelewa tu, kama azabu. Na mwenye azabu anataka kumaliza upesi: anamwanga ndoo ya maji, anakwenda zake. Maji yanabaki ndani ya nyufa na chini ya miguu inayosimama juu ya udongo. Mbao isiyokauka inaota ukungu, ukungu unaikula, kisha mchwa wanaingia. Mwisho wazazi wetu ndio wanalipa, maana feza ya viti vipya inatoka kwao.

Kazi yenyewe haiko nguvu. Kwanza kufagia vumbi na majani. Kisha kusugua kwa brosi na maji kidogo ya sabuni, kufuata mistari ya mbao, kusuuza, na kuinamisha kiti ili maji yatoke. Kila mguu uwekwe juu ya jiwe bapa. Wakati wa kiangazi, mbao ikikauka kabisa, ipakwe verni ao rangi. Tusipake mawese: mafuta yale hayakauki, yanashika vumbi na kuchafua nguo. Tusipake mafuta machafu ya motere: wengi wanayatumia juu ya mchwa, lakini hayafai kugusa ngozi ya mtu. Chuma chenye kutu kikwanguliwe kwanza, maana rangi juu ya kutu inabanduka.

Wengine watauliza: basi waliochelewa wapewe kazi gani? Wakate majani. Majani yakikatwa vibaya, yataota tena na kukatwa tena. Mbao ikioza, hairudi.

Tunaomba Bwana Prefe na walimu: kila darasa lipewe viti vyake, na siku ya posho ya kwanza ya kila mwezi wote waviangalie pamoja, wenye azabu na wasio na azabu. Sisi mafinalisti tuko tayari kuanza na vile vya barza. Mwaka ukiisha tutakwenda, lakini wadogo wetu wataketi pale pale. Darasa gani litatufuata?