Satelite haitembei kwa miguu

Vijana wenzetu wa Oicha, Beni na Butembo,

Masatelite ya GPS ni ya jeshi la Marekani. Yanazunguka juu, kilometa 20.200 hivi. Telefone ikishika manne tu, inajua iko wapi, na hakuna kulipa: mkulima wa Oicha anaitumia sawa na jenerali.

Tangu 2014 batu banachinjwa kwetu. Tangu Mei 2021 jimbo linaongozwa na wanajeshi. Basi "hatukujua ni wapi" si jibu tena. GPS inaonyesha mahali. Haimwoni adui, wala haiendi kumfukuza. Kwenda ni kazi ya askari.

Tunadai jambo moja: kila onyo la raia liandikwe, saa liliingia na saa askari walifika, na raia wasomewe.

Tuko macho.